Klachi Tatu za Gari la Nassor

Mwezi uliopita mdogo wangu Deo alikuja kutoka Mbeya kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya binti wa mdogo wetu Vero, na kabla hata hajazima injini alianza kunionyesha gari. Ana miaka thelathini na sita sasa, upara unamwanzia mbele, na gari lake halina klachi. "Otomatiki, dada," alisema kupitia dirishani, akiupapasa usukani kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemnunua mnadani. "Mguu wa kushoto umestaafu." Nikamwambia mguu wake wa kushoto ulipaswa kustaafu zamani sana, kwa sababu hakuna mguu katika mkoa huu mzima ulionitesa kama ule. Alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimesimama getini tangu alipokata kona ya barabara yetu, na nilikuwa nimeona alichokifanya pale chini, mbele ya nyumba ya Mzee Patrisi. Jambo hilo ndilo lililonirudisha kwenye mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka ambao nilifungua giaboksi moja mara mbili na kumlaumu kila mtu isipokuwa aliyestahili.

Jinsi tulivyobaki watatu, mimi, Deo na Vero, si habari ya sura hii. Inatosha kusema kwamba mimi ndiye mkubwa, kwamba niliacha shule kidato cha pili, na kwamba ndugu wa pande zote mbili walikuwa wameshatugawana kwa maneno: Deo angekwenda Mwazye kwa baba mdogo akalime, Vero angekwenda Milepa kwa shangazi, mimi ningeolewa. Kilichozuia mgawo huo kilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji ya Mzee Seif, mfanyabiashara mwenye maduka na malori hapa Sumbawanga mjini. Nilianza pale kwa kuosha spana, na fundi wangu alipohama nikabaki mimi kuwa fundi wa magari madogo. Chumba kilikwenda na kazi. Ukuta wake mmoja ulikuwa wa mbao, na nyuma ya mbao hizo ndipo madereva walipokaa kungoja mizigo, kwa hiyo Vero alijifunza hesabu za sehemu huku akisikia nani ameoa wapi na nani amepigwa na mkewe Tunduma. Tulilala watatu humo, Deo kwenye godoro lililosimamishwa mchana ili meza ipate nafasi. Meza yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lililoleta giaboksi ya lori. Juu yake tulikula ugali wa ulezi na maharage, na mwezi wa saba, upepo wa huku unapopenya kila tundu, tulikula tumejifunika blanketi moja mabegani kama kuku waliofungwa pamoja. Nilikipenda chumba kile kuliko nyumba niliyonayo leo. Wakati wowote ndugu wangeweza kusema watoto wanaharibika mjini, na dawa yangu ilikuwa kuhakikisha hawana cha kusema.

Ndiyo maana nilikuwa mkali kwenye adabu. Mfipa aliyelelewa akikutana na mzee anasimama, anainama, anapiga makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, anauliza habari za nyumbani, za shamba, za waliolala na walioamka, na haondoki mpaka mzee amemwachia. Siku moja mwanzoni mwa mwaka ule Deo alimpita Bibi Felista sokoni. Bibi Felista alikuwa mwanamke wa Kaengesa aliyekuwa akileta ulezi mjini, na aliyejua kila ukoo na kila aibu ya ukoo. Deo alikuwa juu ya baiskeli, akamrushia shikamoo huku anakanyaga pedeli, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Bibi alikuja mpaka mlangoni kwangu. "Mdogo wako ananisalimia kama mtu anayefukuza nzi," alisema. Nilimtoa Deo kwenye sahani yake ya ugali, nikampeleka kwa miguu hadi kituo cha malori alikokuwa akingojea usafiri bibi yule, akapiga makofi mbele ya wabeba mizigo wote. Tuliporudi nilimwambia maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu yalinigharimu: "Mikono miwili, Deo. Hata ukiwa umebeba jeneza, liweke chini kwanza."

Gari lilikuja mwezi wa tatu. Nassor, mtoto wa Mzee Seif, alilitoa Dar es Salaam: dogo, la bluu, milango mitano, halina buti la kutokeza nyuma, gia za mkono, na chini ya boneti lina tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kuisukumia hewa zaidi. Lilikuwa gari zuri, nakiri, na kwa barabara zetu za wakati ule lilikuwa upumbavu. Nassor hakuridhika nalo. Alimwita kijana kutoka Mbeya aliyekuja na kompyuta ya mapajani, akaiunganisha na gari kwa waya, akabonyeza muda mrefu huku Nassor akimletea soda. "Tunaifungua," kijana alieleza. "Kiwandani wameifunga. Tabo inapewa presha ndogo kuliko uwezo wake."

"Na klachi mmeifungua pia?" niliuliza.

"Klachi haina kompyuta, dada," alisema kwa upole, kama mtu anayejibu mtoto.

Hilo nililijua. Pleti ya klachi hubanwa kati ya injini na giaboksi. Ukikanyaga pedeli inaachiwa, ukiiachia pedeli inabanwa tena, na ukiishikilia nusunusu inasuguana na kuungua. Injini ikiongezewa nguvu ambayo pleti haikutengenezwa kuibeba, itateleza hata ikiwa imebanwa. Nilimwambia Nassor hivyo. Kupitia ukuta wa mbao nilimsikia akimsimulia mshikaji wake: "Fundi wetu anaogopa spidi. Mwana, hii kitu inapanda mlima wa Milepa gia ya tatu, hainung'uniki." Vero aliinua macho kwenye daftari akaniuliza kama ni kweli naogopa spidi. Nikamwambia aendelee na hesabu.

Mzee Seif naye alikuwa na fikra zake. Gari linalokunywa petroli, alisema, haliwezi kukaa uani kama jogoo wa mapambo. Mwisho wa juma lingekuwa la Nassor, lakini siku za kazi lingepeleka vocha, betri na dawa za mifugo kwenye duka lake la Kaengesa. Deo alikuwa amepata leseni, hana kazi, mikono yake tulivu. Akapewa ufunguo na sharti moja: asipakie abiria. "Ukimpakia mmoja leo, kesho watajipanga barabarani na magunia," Mzee Seif alimwambia. "Hata padri usimpakie." Nilifurahi mno siku ile. Tulikula nyama.

Klachi ya kwanza iliungua mwezi wa tano. Niliposhusha giaboksi, pleti ilikuwa nyeusi kama mkate uliosahaulika jikoni, na flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti huligandamia, lilikuwa na madoa ya bluu. Chuma hakigeuki bluu bila moto mwingi. Nilimwita Nassor aone. "Hiyo ndiyo kompyuta yako," nilimwambia. Aliagiza klachi nyingine kutoka Dar, ya mashindano, ngumu hivi kwamba Deo alirudi siku ya kwanza akitembea kama aliyechomwa sindano ya paja. Ilidumu miezi miwili. Pleti nyeusi, madoa ya bluu. Safari hii tuligombana uani mbele ya madereva wote, mimi na Nassor, yeye akisema siijui kazi, mimi nikisema yeye na kijana wake wa Mbeya wanaliua gari kwa majivuno. Dereva mmoja wa lori alikalia ndoo kabisa ili asikie vizuri. "Mwambie, Skola," alisema, "halafu mwambie na baba yake."

Hapa ndipo ninapojikasirikia hata leo. Klachi inayoshindwa na nguvu ya injini ina dalili yake: upo gia ya nne, unakanyaga mafuta, injini inapaa kwa kelele lakini mwendo hauongezeki. Nassor hakuwahi kuniambia kitu kama hicho. Deo hakuwahi. Sikuwauliza. Madoa yale ya bluu yalikuwa yakiniambia kitu kingine, kwamba pleti ilisuguliwa kwa muda mrefu gari likiwa halijaenda popote. Fundi yeyote aliyetulia angeona. Mimi nilikuwa nimeshapata mkosaji niliyempenda, mwenye baba tajiri na miwani ya jua, na sikutaka mwingine.

Mzee Seif alituita wote wawili dukani. Alikuwa akipima misumari, hakuiacha. "Nassor anasema ufundi. Skola anasema kompyuta. Mimi nasema klachi mbili." Nikamjibu kwamba kijana wa Mbeya arudi, airudishe injini kama ilivyotoka kiwandani, nami nitafunga klachi ya kawaida, na ikiungua tena kosa litakuwa langu. Nassor alinitazama kama nimemwomba amkate mbwa wake miguu. Mzee Seif akakubali. "Lakini lako kweli," alisema. "Ikiungua kabla ya Idd nitaleta fundi mwingine. Na huyo fundi atahitaji mahali pa kulala, mwanangu. Unanielewa." Nilimwelewa. Nilirudi chumbani, nikalitazama godoro la Deo lililosimama ukutani, nikaona Mwazye na Milepa.

Kijana wa kompyuta alikuja, akaifunga tena aliyoifungua. Nassor hakumletea soda. Nilifunga klachi ya tatu kwa uangalifu ambao sikuwahi kuutumia kabla wala baada. Na wiki tatu baadaye, nikijiandaa kufua sweta la Deo, nilipoliinua kutoka kwenye beseni kavu nilisikia harufu. Kama nywele zilizoungua na mpira pamoja. Nilikaa chini na lile sweta mapajani. Tabo ilikuwa imetulizwa, Nassor alikuwa Dodoma mwezi mzima, na klachi ilikuwa inaungua.

Asubuhi iliyofuata nilipanda gari pamoja na Deo. Nilimwambia nataka kusikiliza beringi. Aliendesha vizuri. Gia ziliingia kama kisu kwenye siagi, mguu wake haukulala juu ya pedeli, hakukimbiza injini. Kilomita baada ya kilomita sikupata kosa, na badala ya kufurahi nilizidi kuchoka roho. Kisha tukafika kwenye mlima wa mwisho kabla ya misheni ya Kaengesa. Ilikuwa siku ya soko, watu walikuwa wanapanda kwa miguu na mizigo kichwani. Deo akapunguza mwendo kando ya mzee mmoja mwenye jembe, akasimama pale pale katikati ya mwinuko. Akashusha kioo. Akaachia usukani, akainama, akaanza kupiga makofi, mikono yote miwili. Habari za nyumbani. Habari za mahindi. Yule binti aliyejifungua. Na gari halikurudi nyuma hata inchi moja, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa umeishikilia klachi nusu, na wa kulia unaipa mafuta kidogo, na injini ilikuwa inaimba sauti moja, taratibu, kama mtu anayechemsha maji. Mzee akamwachia. Tukasogea hatua thelathini, wanawake wawili. Akasimama, makofi. Kisha katekista. Kisha Bibi Felista mwenyewe, ambaye salamu yake ilipita kwenye ng'ombe, kwenye magoti yake, kwenye ndoa ya mjukuu, ikarudi tena kwenye magoti. Harufu ilikuwa imeshajaa ndani ya gari. Nilihesabu vituo saba kwenye mlima mmoja.

"Deo," nilisema tulipofika juu. "Hendibreki."

"Imefanyaje?"

"Kwa nini huivuti ukisimama?"

Alinishangaa kweli. "Nikivuta hendibreki gari linakaa, dada. Wakiona limekaa wanajua nawapakia. Wanakuja mlangoni na mzigo. Mzee Seif alisema hata padri nisimpakie."

"Basi shikilia breki, ondoa gia."

"Kuondoka tena pale juu kuna shida, linarudi nyuma, na nyuma kuna watu." Alifikiri kidogo. "Na mikono yote iko kwenye makofi. Wewe mwenyewe ulisema mikono miwili."

Klachi tatu. Nilikuwa nimemtukana Nassor mbele ya ua mzima, nimemsingizia kijana wa Mbeya, nimeliondolea gari la watu nguvu zake, na kumbe moto wote ule niliuwasha mimi siku ile kwenye kituo cha malori.

Tulijaribu hendibreki. Nilimfundisha: vuta kwanza, ondoa gia, ndipo upige makofi, na ukiombwa lifti useme hapana. Deo aliweza yote isipokuwa la mwisho. Siku ya tatu Bibi Felista alisikia ule mkwaruzo wa hendibreki, akafungua mlango wa nyuma, akaweka gunia, akaketi. Angemwambia nini? Jioni Mzee Seif aliingia kwenye gari aende msikitini, akainuka na punje za ulezi zimeshika kwenye kanzu. Alikuja nazo kiganjani hadi kwangu. "Hii nayo ni kompyuta?" aliuliza. Alisema akiona tena punje moja, moja tu, hatangoja klachi.

Kwa hiyo tulikaa kwenye lile sanduku letu, ugali unapoa, nikamwambia Deo asisimame tena.

"Nipite?"

"Pita. Piga honi."

"Honi, dada? Kwa Bibi Felista?"

Vero alianza kucheka, akaniona uso, akaacha. "Mpaka Idd tu," nikasema. "Ikipita Idd tutaona." Deo alitazama mikono yake juu ya meza, ile mikono tulivu, akaiondoa akaiweka mapajani. Hakubisha. Afadhali angebisha.

Idd ilifika na klachi ikiwa nzima. Mzee Seif alituletea sinia la pilau kwa mkono wake, akasema mimi ni fundi kweli. Nassor alisimama nyuma yake mikono mifukoni. "Kumbe ilikuwa tabo," alisema. "Nisamehe, dada Skola." Nilisema yamekwisha. Nilikula pilau ile. Sikumwambia siku ile wala mwaka uliofuata, na aliliuza gari lile likiwa bado limefungwa nguvu zake, akiamini kwamba alikuwa ameliharibu yeye. Leo tukikutana bado ananitania kwamba nilimzeesha mapema. Akisoma haya atajua, naye ana haki ya kuja kunigombeza. Atanikuta gereji.

Jumapili moja baada ya Idd nilimkuta Bibi Felista nje ya kanisa. Nilipiga makofi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Aliniacha nimalize yote. "Mdogo wako amepata cheo gani?" aliuliza. Nikasema hana cheo, bibi, ni dereva tu. "Aa," alisema. "Nilidhani amepata cheo." Akajifunga khanga yake na kuondoka, bila kuniuliza habari za nyumbani. Nilirudi chumbani kwetu, chumba nilichokiokoa, tukala watatu kama siku zote. Miaka minne zaidi tulikaa mle. Vero alimaliza shule akitokea mle. Nimekuwa nikijiambia kwamba hilo lilitosha, na kwa kweli lilikuwa kubwa, singelirudisha.

Lakini mwezi uliopita, nikiwa getini, niliona gari jeupe likikata kona, na Mzee Patrisi akisimama kando ya barabara na fimbo yake. Alikuwa ameshaegemeza fimbo kwenye ua ili mikono iwe huru. Kioo cha gari hakikushuka. Honi ililia mara mbili, fupi, na gari likampita.

"Umempita Mzee Patrisi," nilimwambia Deo alipomaliza kusifia otomatiki yake.

"Nimempigia honi."

"Gari lako halina klachi, Deo. Ulikuwa unatunza nini?"

Alinitazama kutoka kwenye kiti, na kwa muda kidogo upara uliondoka, nikaona yule wa miaka kumi na minane ameweka mikono mapajani. "Si wewe ndiye uliyeniambia nisisimame?"

"Nilikuambia mpaka Idd."

"Ndiyo," alisema. "Hukuniambia imepita."

Kuna majibu mengi dada mkubwa anaweza kumpa mtu mzima anayemwambia hivyo, na mengi yake ni makali, na nilikuwa nayo yote mdomoni. Mtu wa miaka thelathini na sita, ana watoto, anangoja ruhusa ya mwaka ule. Nilitazama chini barabarani. Mzee Patrisi alikuwa bado hajaichukua fimbo yake.

"Imepita," nikamwambia. "Shuka."

Alishuka. Hakufunga mlango, hakuzima injini, akaanza kuteremka kwa miguu huku akijifuta viganja kwenye suruali. Niliingiza mkono ndani ya gari, nikavuta hendibreki, maana salamu ile si fupi.